Punta Cana na mama wa miaka 67: hoteli ya kila kitu ndani itamfaa?

BintiWete

Assalaam alaykum. Nataka ushauri, hasa wa mtu aliyefika huko kwa miguu yake, si wa kuona picha.

Dada'angu yuko Toronto mwaka wa kumi na moja huu. Januari mie na mama tunakwenda kumtembelea, viza tushapata, alhamdulillahi. Juzi kapiga simu: "Januari huku mama atakufa kwa baridi. Nimeshalipia siku saba Punta Cana, sote, kila kitu ndani." Nikaitikia sawa, nikidhani Punta Cana ni mtaa wa huko huko Kanada. Kumbe ni Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Karibi, saa nne na nusu nyingine za ndege!

Sasa mama. Ni mtu wa Wete, Pemba, hajalala hotelini hata usiku mmoja. Akija Unguja na meli hufikia kwangu Mwanakwerekwe, na mie nikiamka nakuta uwanja ushafagiwa na unga wa chapati ushakandwa. Ana sukari, anatumia vidonge. Hali kitu asichojua kimepikwa na nani. Nilipomwambia kuna hoteli unakula utakacho, saa utakayo, bila kulipa, akaniuliza, "Na anayelipa nani?" Nikamwambia dada kashalipa. Akasema, "Basi si bure. Usinidanganye mie."

Naogopa tutakwenda kukaa siku saba tunatazamana. Chakula atakula nini? Pombe itakuwa kila pembe, najua. Na mtu mwenye bahari mlangoni kwake, anafanya nini kwenye bahari ya watu wiki nzima? Dada kashalipa, hazirudi hizo pesa, kwa hiyo msinambie tusiende.

MpembaMkavu

Mie nakwambia msiende.

Ningekuwa na pesa hizo ningemtilia mama bati jipya na tangi la maji, na za kubaki tukale pweza Makangale. Bahari anaiona bure. Minazi anayo. Sasa unampandisha ndege tatu akaone mnazi? Basi tena, mshalipa. Safari njema.

WetaMstaafu

Wa alaykum salaam. Hili swali ni langu kabisa. Nimekuwa weta miaka tisa kwenye hoteli ya kila kitu ndani, Kiwengwa hapa Unguja (jina siitaji, mpaka leo wananidai unifomu yao), na Julai 2023 nikalala mwenyewe kwenye hoteli ya aina hiyo hiyo Punta Cana, harusi ya shemeji yangu anayekaa Montreal. Kwa hiyo meza hii nimeisimamia na nimeikalia.

Kabla ya yote, inuka sasa hivi ufungue pasi zenu. Tazama viza ya Kanada imeandikwa kuingia mara ngapi. Ikiwa mara moja tu, mkishatoka kwenda Dominika, Toronto hamrudi. Ikiwa mara nyingi, mko salama, na viza hiyo hiyo ikiwa hai ndiyo itakayowaingiza Dominika bila kuomba nyingine. Halafu kuna fomu ya mtandaoni ya kuingia na kutoka, mnaijaza kwenye tovuti ya serikali yao, ni bure. Tovuti ikikudai dola, funga, hao ni wezi.

Mkifika mapokezi mnavalishwa bangili ya plastiki. Haivuliki. Unaoga nayo, unalala nayo, mpaka siku ya kuondoka inakatwa kwa mkasi. Hiyo bangili ndiyo wewe. Sisi kazini mgeni akija kaunta tulikuwa tunatazama mkono kwanza, uso baadaye. Rangi hii mpe vinywaji vya nchini, rangi ile mpe vya nje, mkono mtupu huyo bichi boi, mwite mlinzi. Walipomaliza kunivalisha yangu, cha kwanza nilichofanya ni kuivuta nione kama inatoka. Tabia. Kwetu walikuwepo wageni wanaozivua kwa sabuni wakawapa rafiki zao waliolala nyumba za bei rahisi.

Siku ya pili nimevaa shati jeupe na suruali nyeusi, makosa yangu mwenyewe, nimesimama kando ya bwawa. Mama mmoja wa Kizungu akaniita kwa kidole, akanambia nimletee taulo mbili. Wafanyakazi wengi pale ni watu wa rangi yetu. Ningependa kukwambia nilimuonyesha bangili. Sikumuonyesha. Miguu ilishaanza kwenda. Nikafika kwenye kibanda, nikachukua taulo, nikampelekea nimezilaza mkononi vile vile tulivyofundishwa Kiwengwa, na tabasamu juu yake. Akanipa dola mbili. Nikampa yule kijana wa kibandani, nikamueleza kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila nikipita ananipigia saluti.

Haya, chakula, maana ndilo lililokuleta. Bufe ina siri zake. Kwetu, kuku wa kuchoma wa usiku, kesho yake mchana alikuwa kuku wa saladi, na kesho kutwa alikuwa supu. Sisemi chakula kibovu, ila mtu wa miaka 67 mwenye sukari aingie mlango unapofunguliwa, asingoje nusu saa ya mwisho. Na aende palipo na mpishi na moto. Mayai avunjiwe mbele ya macho yake, samaki amuone anavyogeuzwa. Kwa mtu asiyekula kitu asichojua nani kakipika, hapo ndipo pake: mpishi yule pale, na jina lake kifuani.

Nguruwe ndiyo kazi. Wadominika wanampenda, na anajificha. Maharage yao mara nyingi hutiwa kipande chake. Mofongo, ndizi mbichi zilizokaangwa zikatwangwa na vitunguu thomu, mna ngozi yake ya kukaanga ndani. Ile soseji nene ya asubuhi wanayoiita salami msiiguse. Neno la kujifunza ni "sin cerdo", bila nguruwe, na mwambieni mpishi mkuu siku ya kwanza. Msimwambie weta. Weta ataitikia ndiyo kwa kila kitu, mie nayajua hayo. Nyama nyingine hatukujua imechinjwa vipi, basi sisi tulishika samaki, mayai na wali siku zote, na hatukukonda. Asubuhi muulizie mangú: ndizi mbichi zimechemshwa, zikapondwa, juu yake vitunguu vya siki. Mama akionja atasema futari imesahauliwa nazi.

Juisi ya kwenye mashine ni sukari na rangi. Sisi tulikuwa tunawamiminia Wataliano juisi ya unga huku embe zinaanguka nyuma ya jiko, na hakuna aliyeuliza. Nyie ulizeni. Matunda yapo, yakatwe.

Bahari sasa. Hapo MpembaMkavu kakosea, bahari si moja. Mie mzaliwa wa Bwejuu, yakipwa unatembea mpaka mwambani, bamvua kubwa maji yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4. Kule hayafiki hata mita moja. Nilijihimu alfajiri nikakaa mchangani kungoja yapwe nione chini kuna nini. Saa nne bado yako pale pale, shemeji ananitafuta kwa ajili ya suti. Na jina lisiwadanganye: ufukwe wa Bávaro, ambako ndiko kuliko hoteli nyingi za Punta Cana, unatazama Atlantiki. Januari mawimbi huja. Ikipandishwa bendera nyekundu mama asitie hata magoti. Bahari ya Karibi yenyewe iko upande wa kusini, Bayahibe, kama saa moja kwa gari, huko maji yametulia kama yaliyomo bakulini.

Mwezi mmebahatika. Mie nilikwenda Julai nikaukuta mwani. Si huu wetu wa kufungwa kwenye kamba. Ni wa kahawia, unaelea wenyewe bahari kuu, wanauita sargassum, na tangu 2011 unavamia pwani za Karibi kwa wingi, kuanzia kama Machi mpaka kiangazi chao kiishe. Ukioza unanuka mayai viza. Alfajiri, wageni wamelala, yanakuja matrekta kuuzoa. Nikapiga picha nikamtumia mama yangu, ambaye kafunga mwani kwa taitai tangu kilimo hicho kilipoanza pwani yetu mwaka 1989, na kiuno kimekwishia huko. Akanijibu kwa sauti: "Wanautupa wote huo? Hebu waulize kilo pesa ngapi." Januari unakuwa kidogo sana. Na msimu wa vimbunga, wa Juni mpaka Novemba, utakuwa ushapita.

Atawajia kijana mtanashati wa Kiingereza kizuri, njooni mnywe chai na meneja, dakika tisini tu, zawadi ipo. Anauza likizo za miaka ishirini mbele. Ni papasi, yule dalali wa kung'ang'ania watalii, ila huyu kavaa tai. Mama'ko atamuweza kuliko wewe, muache amuulize anayelipa nani.

Lakini hayo madogo. Kitakachomsumbua mama ni kukaa bure. Hoteli hizi zimepangwa usitoke: chakula ndani, ngoma ndani, duka ndani, na nje umeambiwa kuna hatari. Kiwengwa tulikuwa na wageni wanakaa siku kumi wanaondoka hawajaliona soko la Darajani. Wafundi wa kushona na wenye mikahawa nje ya geti walikuwa wanatutazama sisi wafanyakazi tu. Mtoeni. Mji wa Higüey uko chini ya saa moja, mji wa wenyeji, una soko. Muulizie casabe, mkate wa muhogo, mwembamba na mpana kama ungo. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa wakiupika kabla ya Columbus kufika 1492, na 2024 UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mpeni mama muhogo autazame, siku itakwisha bila kujua.

Na mchukue kopo. Hotelini hamna maji chooni, karatasi tu. Mie niliishia kutumia jagi la mashine ya kahawa, Mungu anisamehe, nililiosha.

Bakshishi muwekeeni anayesafisha chumba, dola moja mbili juu ya mto, kila siku. Msingoje siku ya mwisho, maana anayekuja Jumatano siye aliyekuja Jumatatu.

NesiWaChake

Naongeza la sukari tu. Vidonge vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye sanduku la chini, na viwe kwenye paketi zake zenye maandishi. Bibi asitembee peku mchangani wala pembeni ya bwawa. Najua kazaliwa peku. Mguu wa mwenye sukari unaungua au unachomwa na kome na hausikii, na kidonda kinakuja kuonekana Toronto. Viatu vya kufunga vyepesi, na kila usiku mmtazame nyayo.

Mangú imesifiwa sana hapo juu, lakini ni wanga mtupu. Nusu sahani, mayai, na mboga.

Na samaki: kule Karibi kuna sumu inaitwa ciguatera. Inaanzia kwenye vijimea vya mwambani, samaki wadogo wanakula, wakubwa wanawala wadogo, inarundikana. Kuchoma hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, na samaki hanuki wala haonyeshi. Kwa hiyo mzia mkubwa na chewa mkubwa awapite, hata akiwa anametameta. Samaki wa bahari kuu kama jodari hana shida hiyo.

BintiWete

Mmenitoa jasho na hiyo viza. Nimetazama: mara nyingi, zote mbili. Dada naye hakuwa anajua, kanyamaza kwenye simu kama dakika nzima.

Kopo lishanunuliwa. La buluu, lina mfuniko. Mama kaliona akasema sasa ndiyo nimeanza kusema mambo ya maana.

WetaMstaafu, moja tu. Kibla kule? Ndilo analoniuliza kila siku.

WetaMstaafu

Hapa kwetu umezoea kaskazini moja kwa moja. Kule ni kaskazini mashariki, na Bávaro huko ndiko iliko bahari. Mkipata chumba chenye baraza ya kutazama maji, tandikeni msala huko huko, ukiyatazama mawimbi hukosei sana. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, na mbele ya Toronto kwa saa moja, mtazame nyakati za sala upya mkifika.

Ila baraza za chini zinapitiwa na wacheza muziki wa bachata na spika zao. Ombeni ghorofa ya juu.

MpembaMkavu

Mkifika mnipigie picha huo mnazi.

BintiWete

Tumerudi Unguja wiki iliyopita, nimeona nisiwaache hewani.

Siku ya kwanza mama hakwenda bufe. Alikuwa na boflo la Toronto mkobani, akala hilo na chai ya rangi. Siku ya pili nikampeleka kwa mpishi wa mayai. Akasimama akamtazama yule kijana anavyolipindua la kwanza, la pili, la tatu, watu nyuma yetu foleni, mie uso nauficha. La nne akasema, "Huyu ananawa mikono." Tangu hapo mayai yake ni kwa yule yule. Siku ambayo hakuwepo hakula mayai.

Kukaa bure, WetaMstaafu, ulisema kweli. Kila asubuhi kabla msafishaji hajagonga mlango, mama kashatandika vitanda na kufuta bafu kwa taulo aliloogea. Yule dada siku ya kwanza akashangaa, nadhani alidhani tunamlalamikia. Siku ya pili akacheka. Ya tatu nawakuta wanalitandika shuka pamoja, huyu ncha hii na yule ncha ile, mmoja Kispaniola mmoja Kipemba, na wanaelewana kuliko mie na dada. Akatukunjia taulo umbo la bata akaliweka kitandani. Mama akakataa lisifunguliwe, siku zote zilizobaki akajifutia kanga. Bata tumemuacha pale pale juu ya kiti. Dola za mto alikuwa anaweka mwenyewe, na kuhesabu mbele yangu.

Baharini aliingia siku mbili, na dira lake, lile gauni pana, na viatu alivyosema nesi. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Siku nyingine tano ilikuwa bendera nyekundu. Papasi wa tai alikuja, mama akamsikiliza mpaka mwisho, akanambia nimtafsirie: "Mwambie nna nyumba."

Higüey tulikwenda na teksi ya hoteli, ghali, dada kalalamika njia nzima. Sokoni mama alikamata casabe akaigonga kwa kidole kama mtu anayenunua chungu, akainusa, akauliza muhogo wao wanaukamua na nini. Hakuna aliyeweza kumjibu. Kanunua nne.

Juzi tumeila kwa mchuzi wa pweza. Kavu kama ubao mpaka inywe mchuzi, baada ya hapo si mbaya. Mama kala vipande viwili, akauliza hii inakaa muda gani bila kuharibika, maana mbili zilizobaki anataka kuondoka nazo na meli ya Jumamosi, azipeleke Wete wakazione.